Fanyia utafiti pensheni yako kabla hujastaafu: hatua kwa hatua

Wakikaa watumishi watatu wenye miaka hamsini na kitu, mjadala wa pensheni huishia kwenye asilimia ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo, yaani yote pamoja unapostaafu: hamsini ya zamani, thelathini na tatu ya 2022, arobaini ya sasa. Nimefanya kazi za utumishi hapa Dodoma muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba asilimia ndiyo sehemu ambayo wewe binafsi huna unachoweza kuifanya. Kilicho mikononi mwako ni miezi yako ya michango, usahihi wa mshahara wako kwenye kumbukumbu, na matumizi ya mkupuo ukishaingia benki. Huko ndiko wengi hawaangalii.

Mwongozo huu ni wa mtumishi wa umma aliyebakiza kama miaka mitano. Aliye NSSF, mfuko wa sekta binafsi, anaweza kufuata njia hiyohiyo; tofauti kubwa nitazitaja. Tafuta daftari, kalkuleta ya simu, na jioni ambayo hakuna mgeni.

Hatua ya 1: Vuta taarifa ya michango, isome mwezi kwa mwezi

PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza tarehe 1 Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Maana yake kumbukumbu zako huenda zimehama nyumba angalau mara moja, na kwenye kuhama vitu hupotea. Fungua PSSSF Kiganjani kwenye simu, au fika ofisi za mfuko Makole, hapa Dodoma, upate taarifa nzima. Usitosheke na jumla iliyoandikwa chini.

Unatafuta vitu vitatu. Kwanza, miezi iliyo wazi. Mahali pa kuichungulia ni kipindi cha uhamisho, likizo bila malipo, na miezi ya mwanzo ya ajira. Nilikaa na mwalimu mmoja wa Kongwa aliyekuwa na uhakika kuwa taarifa yake haina dosari. Tuliteremka na kidole kwenye safu ya michango hadi mwaka aliohama halmashauri: Julai, Agosti, Septemba, sifuri tatu zimepangana. Mshahara alilipwa, hati za malipo alikuwa nazo kwenye bahasha ya kaki, na makato yanaonekana. Aliziambatanisha na barua kupitia kwa mwajiri wake wa sasa. Bila bahasha ile angebaki na maneno matupu.

Pili, kiwango. Kwa PSSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara: 5 zako, 15 za mwajiri. NSSF nayo ni 20, kwa kawaida nusu kwa nusu. Mshahara ukipanda na mchango usipande mwezi huohuo, andika pembeni. Posho hazimo kwenye hesabu ya PSSSF, kwa hiyo aliyezoea kuishi kwa posho za safari ajue mapema kwamba pensheni haizitambui.

Tatu, majina na tarehe ya kuzaliwa. Yafanane kwenye NIDA, barua ya ajira, taarifa ya mfuko na akaunti ya benki. Herufi moja inaweza kukuzungusha miezi.

Ukiwa uliajiriwa kabla ya PSPF kuanzishwa mwaka 1999, tunza barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini kama hati ya nyumba. Watumishi wa kipindi hicho hawakuwa wakichangia; Serikali ndiyo iliyobeba mzigo wa miaka yao, na mwaka 2021 ilitoa hatifungani (hati ya deni la Serikali) maalumu isiyo taslimu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo kwa mfuko. Miaka hiyo haina michango ya kuonyesha. Ina karatasi tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu mwenyewe

Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni kuchangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Umri wa hiari ni 55, wa lazima 60.

Kanuni inayotumika ni hii. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka (hutumika miaka mitatu yenye mshahara mkubwa), zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka kabla ya kugawanywa. Sehemu ya mkupuo huzidishwa kwa 12.5, inayobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya mwezi.

Tuseme mshahara ni 1,200,000 kwa mwezi, na umechangia miezi 360. Kwa mwaka ni 14,400,000. Zidisha kwa 360, gawa kwa 580: unapata 8,937,931. Ukiwa kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 40, mkupuo ni kama 44,690,000 na pensheni ya mwezi ni kama 446,900.

Kuhusu makundi: kanuni ya Julai 2022 iliweka wote kwenye asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikasogeza: waliokuwa kwenye mifuko iliyolipa 50, yaani PSPF na LAPF, wakapewa 40, waliokuwa kwenye iliyolipa 25 wakapewa 35. Hakikisha uko upande upi kabla ya kuanza kuchora ramani ya nyumba.

Sasa rudia hesabu ukitoa miezi 12, kana kwamba mwaka mmoja haukuonekana kwenye kumbukumbu. Mkupuo unapungua karibu 1,490,000, na kila mwezi wa maisha yako yaliyobaki unapoteza kama 14,900. Hiyo ndiyo thamani ya ile bahasha ya kaki.

Hatua ya 3: Ibane hesabu hiyo mpaka ilie

Hapa ndipo utafiti wenyewe unapoanza, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine.

Anza na umri. Watu husema, "Mimi nitakufa mapema, nipeni changu." Wastani wa kuishi unaotangazwa huhesabiwa tangu mtu anapozaliwa, na ndani yake wamo watoto waliofariki wachanga. Aliyefika 60 ameshavuka hatari hizo, kwa hiyo miaka yake iliyobaki ni mingi kuliko ile namba inavyodokeza. Panga mpaka 85. Ukifa kabla, hakuna bajeti itakayokudai.

Tena angalia siri iliyomo kwenye ile 12.5. Ukilinganisha asilimia 33 na 40 kwa mfano wetu, mkupuo unaongezeka kama 7,820,000 na pensheni inapungua kama 52,100 kila mwezi. Gawa ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Ukistaafu 60 na fedha ya ziada ukaiweka bila kuzaa chochote, umri wa miaka 72 na nusu ndio mpaka. Kabla ya hapo mkupuo mkubwa umekufaa. Baada ya hapo ulikuwa umejikopesha mwenyewe. Ndiyo maana sishangilii wala silii asilimia ikipanda. Inategemea mkupuo umekwenda wapi.

Kisha bei. Pensheni haipandi yenyewe kila mwaka sambamba na bei sokoni. Hupanda pale inapoamuliwa ipandishwe. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka kwa miaka 20, ile 446,900 itanunua kinachonunuliwa leo kwa kama 247,000. Ukiwa 5, ni kama 168,000. Andika namba hizi kwa kalamu nyekundu.

Mwisho, mikopo. Sheria inataka makato yakuachie angalau theluthi ya mshahara wa msingi, lakini watu wengi hufika siku ya kustaafu wakiwa palepale kwenye theluthi, na nje wana kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Mkopo wowote unaovuka siku ya kustaafu uandike kama makato ya pensheni.

Hatua ya 4: Wahoji waliotangulia

Tafuta wastaafu wa kada yako: mmoja wa mwaka jana, mmoja wa miaka mitano, mmoja wa miaka kumi. Usiulize "maisha yanaendaje", maana utajibiwa "tunamshukuru Mungu". Uliza: tangu barua ya kustaafu mpaka fedha ya kwanza ulikaa muda gani? Mwaka wa kwanza ulitoa nini ambacho hukukipanga? Nani anakutegemea sasa ambaye hukumtarajia?

Swali la mwisho ndilo lenye majibu mazito. Niliwahi kumuuliza mstaafu mmoja wa Miyuji, "Mzee wangu, mkupuo ulikwenda wapi?" Akacheka: "Mwanangu, niulize ulikwenda kwa nani."

Hatua ya 5: Gawa mkupuo kwenye karatasi kabla haujaingia

Dodoma ina mtego wake. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, kiwanja Iyumbu au nyumba ya kupangisha Nzuguni imekuwa jibu la kila swali. Lakini piga hesabu: tuseme mkupuo wote wa milioni 44 umeishia kwenye nyumba inayopangishwa 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000, kama asilimia 5.5, na hujatoa mwezi wa bila mpangaji, rangi na bomba lililopasuka. Tena mpangaji wako ni mtumishi wa Mtumba, ulipo mji wa Serikali, pensheni yako inatoka mfuko wa umma, na ukiongeza hatifungani ya Serikali, vyote vitatu vimesimama kwenye mguu mmoja.

Hatifungani sizikatai. Hulipa riba kila miezi sita, na unaanza na milioni 1 kupitia benki au dalali. Ila riba za matoleo mapya hubadilika: Aprili 2022 riba ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Na ukihitaji fedha katikati, utauza kwa bei ya soko siku hiyo. Kwa fedha ya dharura, vipande vya UTT, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi ni rahisi zaidi kuvitoa.

Kilimo nakiweka mwisho. Alizeti au mtama kwa mvua za hapa, msimu mmoja kuanzia Desemba, ni kazi ya mtu mwenye kipato kingine. Zabibu za Hombolo au Mpunguzi zinahitaji maji, dawa, mtu wa kukaa shambani, na mnunuzi aliyekubali kabla hujavuna. Kama hukulima ukiwa kazini, usijifunzie kwa mkupuo.

Mgawanyo ninaoupendekeza: kwanza lipa madeni yenye riba, pili tenga matumizi ya miezi sita, kwa sababu kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza huweza kuwa na pengo, tatu, kinachobaki usikiguse miezi mitatu.

Hatua ya 6: Karatasi na simu

Angalia kadi ya NHIF, yaani bima ya afya: mstaafu aliyekuwa mchangiaji hubaki na mwenza wake, lakini wategemezi wengine wapangie njia nyingine. Weka kwenye jalada moja barua za ajira, za kuthibitishwa, za kupanda daraja, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, na mwambie mwenza lilipo.

Ukishastaafu, kuna uhakiki wa kuthibitisha kuwa bado uko hai, ambao sasa unaweza kuufanya kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Jifunze kuutumia ukiwa bado kazini. Na akikupigia mtu anayekujua jina, cheki namba (namba yako ya mshahara) na mwaka wa kustaafu, akaomba "ada ya kuharakisha faili", kata simu, nenda mwenyewe dirishani Makole.