Jirani akituhumiwa kukashifu dini: la kufanya kabla watu hawajajaa

Tuhuma ya kukashifu dini ikianzia Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi, hadi mchana imefika Igoma ikiwa na maneno mengine kabisa. Kwa hiyo yakamate maneno yenyewe yangali mabichi. Chukua daftari, andika kilichosemwa neno kwa neno (kama ni Kisukuma, kiache hivyohivyo), saa, mahali, na nani alisikia kwa masikio yake. Aliyehadithiwa usimwandike shahidi.

Sababu ya ukali huu iko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 125 hadi 129. Vinahusu kuharibu au kunajisi mahali pa ibada kwa nia ya kutusi dini, kuvuruga ibada halali, kuingilia makaburi na kuzuia maziko. Kinachotajwa zaidi mitaani ni cha mwisho, cha 129: kutamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu mbele ya mtu kwa makusudi ya kuumiza hisia zake za dini. Kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Sheria inataka mambo mawili kwa pamoja: makusudi, na huyo mtu awe amesikia au ameona mwenyewe. Kuchukia peke yake hakutoshi. Mwislamu akisema Yesu si Mungu, au Mkristo akisema haamini utume wa Muhammad, ametaja imani yake, na Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda.

Huku ukiandika, mwenzako ampigie mwenyekiti wa mtaa na mkaguzi wa polisi wa kata, kisha imamu na mchungaji, wote wawili kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kusema upande wake umechelewa kuambiwa. Mtuhumiwa aondolewe hapo kwa bajaji kupitia njia ya nyuma, hata kama hana kosa. Mkiweza, apelekwe kituo cha polisi cha mbali. Mbagala, Oktoba 2012, mzozo wa watoto kuhusu Kurani uliishia kwa umati kukizingira kituo cha polisi ukidai mtoto atolewe, na makanisa yakashambuliwa. Huku kwetu, Buseresere mkoani Geita, Februari 2013, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza ulimuua mchungaji.

Video ikiwepo, tunza nakala moja nzima, usiikate, usiirushe kwenye magrupu. Kumtusi mtu mtandaoni kwa sababu ya dini yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na maneno unayoyaongeza juu ya video hiyo yanaweza kukutia wewe mwenyewe matatani.

Kituoni, mlalamikaji achukue RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi). Ndugu wa mtuhumiwa waende na wadhamini, vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Dhamana ya polisi hailipiwi. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne, ukihitajika zaidi unaongezwa kwa utaratibu, na mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu.

Sasa siasa, na hapa msilegeze hata kidogo, hasa mwaka wa uchaguzi. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama kilichoundwa kwa ajili ya dini, lakini mgombea anaweza kufika eneo la tukio na kipaza sauti akageuza ugomvi wa majirani wawili kuwa kura. Mwambieni mkutano wa chama unahitaji taarifa kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) saa 48 kabla, na aondoke. Diwani au mbunge aje kama mkazi: bila bendera, bila fulana, bila mpiga picha.

Kikao cha maridhiano kifanyike ofisi ya mtaa, si msikitini wala kanisani. Aliyesikia maneno azungumze kwanza, kisha mtuhumiwa, viongozi wa dini mwisho. Msimlazimishe mtuhumiwa kuomba radhi huku anarekodiwa: video hiyo itachezwa mahakamani kama ushahidi kwamba amekiri, na mitaani kama ruhusa ya kumpiga. Kama anaomba radhi kwa hiari yake, iandikwe, isainiwe mbele ya mwenyekiti, nakala ibaki kwenye faili la mtaa.