Waifai ifike hadi juu: nilivyoipandisha kwenye nyumba ya mawe

"Mjomba, huku juu haifiki."

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, kompyuta mapajani, akisubiri somo la video lifunguke. Chumba chake cha kusomea kiko ghorofa ya pili, juu kabisa, ndiko kwenye upepo na utulivu, lakini kule intaneti ilikuwa haifunguki. Nyumba ni ya mama yangu, Mji Mkongwe, Unguja. Rauta, kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa kwa waifai, iko chini ukumbini, pale waya unapoingilia.

Aliyekulia nyumba hizi anazijua kuta zake: mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na pengine zaidi, na zinanyonya unyevu. Unyevu nao unameza mawimbi ya redio. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita tatu, basi hatua chache tu unakutana na ukuta mwingine. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji ataona mambo mepesi kuliko yalivyokuwa kwangu, lakini njia ni ile ile.

Kwanza nilikosea. Nilinunua ripita, kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai, nikaichomeka chumbani kwa mpwa wangu, pale pale penye shida. Taa ikawaka, simu ikaonyesha vistari vyote, na video ikagoma vile vile. Ripita haizalishi intaneti, inasikia na kurudia tu. Ukiiweka mahali inaposikia mnong'ono, itaurudia mnong'ono huo kwa sauti kubwa. Vile vistari vilionyesha mawasiliano ya simu na ripita, havikusema lolote juu ya ripita na rauta. Tena ripita ya bei ndogo ina redio moja, inapokea na kutuma kwa zamu, kwa hiyo hata ikikaa pazuri kasi hushuka karibu nusu. Ukilazimika kuitumia, iweke katikati ya njia, mahali ambapo simu yako yenyewe bado inapata intaneti nzuri.

Nikaanza upya kwa kupima, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kwenye simu za Android kuna programu za bure za kupima waifai. Zinaonyesha nguvu kwa desibeli, kwa namba hasi: inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Ukumbini nilipata hasi 42, kwenye ngazi hasi 63, chumbani juu hasi 84. Kwa masomo ya video mimi nataka isipungue hasi 67. Namba hizi zinaonekana kukaribiana lakini hazikaribiani: kila desibeli 10 zikipotea, nguvu inayobaki ni sehemu moja ya kumi.

Nilizunguka kila pembe nikiandika kwenye karatasi. Juu kule kule, nilipotoka chumbani nikasimama kwenye baraza inayotazama ua wa ndani, simu ilisoma hasi 69. Ghorofa ile ile, hatua nne kutoka penye hasi 84! Mawimbi yalikuwa yanapanda kwa uwazi wa ua, hayapiti ukutani. Tangu hapo nikaacha kufikiria rauta yenye antena kubwa zaidi. Kazi ikawa ni kupita mle mle nyumba ilimoacha nafasi.

Jambo la kwanza halikugharimu kitu. Rauta ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati la vyombo, karibu na kioo kikubwa. Nikaihamishia kwenye kidaka kinachotazama ua. Baraza ya juu ikapanda kutoka hasi 69 hadi hasi 61. Kioo, mabati, friji na tangi la maji vyote huzuia mawimbi, basi anza kwa kuiondoa rauta nyuma ya vitu hivyo kabla hujafungua pochi.

Chumba chenyewe kilihitaji kifaa cha pili, na hapo nikatumia rauta ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo. Niliiunganisha na rauta kuu kwa waya wa mtandao. Kama kuna njia yoyote ya kupitisha waya, pitisha, kwa sababu waya haujali ukuta wala unyevu. Nilihitaji mita 24, na kikomo cha waya huu ni mita 100. Daraja la Cat5e linatosha, lina uwezo wa gigabiti moja kwa sekunde. Dukani kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa shaba, mwachie mwenye duka. Kwa hewa yetu ya chumvi, chukua shaba tupu, na sehemu inayopigwa na jua itumie waya mweusi wa nje.

Sikutoboa ukuta. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na uso wa nyumba hauguswi kienyeji. Waya wangu umepanda ndani ya ua, nyuma ya bomba la maji ya mvua, ukaingia chumbani kupitia tundu la hewa juu ya mlango.

Mipangilio ndiyo inayowatesa wengi. Kabla ya kupandisha rauta ya pili, iunganishe na kompyuta peke yake ufanye haya. Ibadilishie anwani, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao: kama rauta kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta. Wagawaji wakiwa wawili, leo utapata intaneti, kesho hupati, na hutajua kwa nini. Ipe jina la waifai na nywila zile zile za rauta kuu, na aina ile ile ya ulinzi, WPA2 au mpya zaidi. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yamegawanywa kwa njia ziitwazo chaneli: rauta moja ikae chaneli ya 1, nyingine ya 6 au 11, zisikanyagane. Kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, la kuunganishia vifaa vya ndani, pande zote mbili. Tundu la WAN, la kupokelea intaneti ya nje, lile lililotengwa na mengine, kwenye rauta ya juu liache wazi.

Asiyeweza kabisa kupitisha waya anunue seti ya meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyopokezana waifai bila waya, ikiwezekana yenye redio ya tatu ya kuzungumzia vifaa vyenyewe kwa vyenyewe. Ni ghali, na kila kifaa lazima kikae mahali kinapomsikia mwenzake vizuri. Kwangu vingekaa barazani, vikitazamana kupitia ua.

Umeme usiusahau. Rauta kuu ikizimika, ya juu hata ikiwaka haina cha kugawa. Nimeweka betri ndogo ya volti 12 kwa kila moja, baada ya kusoma kwenye adapta volti, ampea na upande wa chanya.

Mwisho nilipanda ngazi huku nimempigia dada yangu simu ya video. Nilipofika juu, simu ikawa bado imeng'ang'ania rauta ya chini kwa hasi 76. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya kutuma ya rauta kuu, ngazi moja tu, ili simu ikubali kuiachia. Nikarudia kupanda, ikahama yenyewe, na picha ya dada ikasita kwa muda wa kupepesa jicho. Chumbani kwa mpwa wangu sasa ni hasi 48. Nyuma ya rauta ya juu nimebandika karatasi yenye anwani yake, 192.168.1.2, na maneno "DHCP imezimwa", kwa fundi atakayekuja siku ambayo mimi sipo.