Namna ya Kuiingiza Dini Katika Filamu Yako Ukiwa Moshi au Arusha

Mtayarishaji wa filamu atakayeketi na mwandishi wake Moshi mjini kupitia hadithi mpya ataupitisha ulevi, ataupitisha ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hata mauaji atayapitisha, lakini padri au shehe akitokea tu katika ukurasa, mkono wake unasita. “Mambo ya dini tuyaache,” atasema, na hoja yake kwa kawaida ni ya kibiashara: mtazamaji akichukizwa hatanunua, na mdhamini akiogopa atajitoa. Kwa sababu hiyo, mtu wa dini katika hadithi zetu nyingi ni nabii tapeli au mama anayepiga magoti kumwombea mwana aliyepotea, ilhali huku kwetu kipaimara hukusanya ukoo mzima, maiti huzikwa kihambani mbele ya mchungaji, na majirani wa dini mbili hupeana sahani za pilau Idi na Krismasi. Maisha hayo yanastahili kuonekana kama yalivyo, na maelezo yafuatayo ni kwa ajili ya anayetaka kuyaonyesha.

Kwanza amua kosa la mhusika wako limekaa wapi. Iwapo padri katika hadithi amekula fedha za ujenzi, kosa hilo ni lake, na misa anayoisoma haipaswi kupigwa kama kichekesho ili kumwaibisha. Marekani walijaribu njia ya kukwepa kabisa: mwongozo wa watengenezaji filamu uliopitishwa mwaka 1930, ukaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na kuachwa mwaka 1968, ulikataza imani yoyote isidhihakiwe na ukaagiza viongozi wa dini wasifanywe waovu wala watu wa kuchekesha. Naona nusu ya kwanza ya agizo hilo ina hekima, na nusu ya pili ilimnyima mwandishi ukweli, kwa kuwa mtumishi wa Mungu asiyeweza kukosea hawezi pia kutubu, na toba ni moja ya mambo makubwa ambayo hadithi inaweza kuyaonyesha.

Sheria yetu ya Tanzania nayo isomwe mapema. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani, ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 129, inafanya kuwa kosa kutamka neno au kufanya ishara kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Filamu yenyewe inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, kwa hiyo usifiche matukio ya dini katika andiko unalowasilisha.

Sehemu inayohitaji kazi kubwa zaidi ni undani, maana kinachomuumiza muumini mara nyingi ni kuona ibada yake imefanywa ovyo, kama vile hakuna aliyejali kuuliza. Padri Mkatoliki akiingia nyumbani kwa muumini wake Kibosho atasema “Tumsifu Yesu Kristo,” naye atajibiwa “Milele, amina”; ukimwandikia “Bwana Yesu asifiwe,” umemhamishia usharikani kwa Walutheri au kwenye uamsho, na kila Mkatoliki ukumbini atalisikia kosa hilo kabla hajasikia kingine. Vivyo hivyo katekista si mwinjilisti, na parokia si usharika.

Mimi nilijifunza hayo kwa uchungu. Tulikuwa tukipiga tukio la mazishi ya Mwislamu pembezoni mwa Moshi, na waigizaji wengi walikuwa Wakristo. Nilipotoa ishara ya kuanza, wakapanga safu, wakainama, wakasujudu. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando akitutazama alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, swala ya maiti haina rukuu wala sijida. Watu wanasimama, wanaleta takbira nne, wanatoa salamu.” Tulikuwa tumekwisha kurudia tukio hilo mara sita na jua lilikuwa linazama. Nilimwomba abaki nasi, na kesho yake ndiye aliyewapanga watu, akaeleza jinsi maiti inavyolazwa katika mwanandani, nafasi ya ndani ya kaburi, ikiwa ndani ya sanda, na jeneza la kubebea linavyorudishwa msikitini. Tangu siku hiyo simpi mtu kazi ya kuandika tukio la ibada kabla hajahudhuria ibada ya namna hiyo, au hajaketi na anayeiongoza.

Tambiko ni dini pia, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mzee wa Kichagga anayemwaga mbege, pombe ya ndizi, chini ya mgomba akiwataja waliotangulia hafanyi uchawi, na muziki wa kutisha usiwekwe juu ya sauti yake. Kwa Wamaasai, Oldoinyo Lengai ni Mlima wa Mungu. Ukiupiga picha kama mandhari tupu ya mapigano, jua kwamba umechagua jambo.

Zungumza na waigizaji kabla ya mkataba. Yupo Mwislamu asiyekubali kuvaa msalaba na Mkristo asiyekubali kutamka shahada ya Kiislamu hata kwa kuigiza, na wote wawili wana haki ya kusema hapana bila kupoteza heshima. Ratiba iache nafasi ya swala ya Ijumaa, Sabato ya Jumamosi kwa Wasabato na ibada ya Jumapili. Msahafu usiwekwe chini, na hostia, mkate wa komunyo, itakayotumika iwe ile ambayo haijawekwa wakfu. Mtume Muhammad asionyeshwe. Moustapha Akkad, aliyetengeneza filamu juu ya maisha ya Mtume mwaka 1976, aliwafanya wahusika waitazame kamera kana kwamba wanazungumza naye, wala sura yake haikuonekana wala sauti yake haikusikika.

Ukihitaji kupiga ndani ya kanisa au msikiti, nenda kwa paroko, kwa mchungaji wa usharika au kwa imamu na kamati ya msikiti, ukiwa na kurasa kamili za tukio hilo. Muhtasari hautoshi, kwa maana anayepewa muhtasari na kisha kuona kitu kingine kwenye kioo atahisi amedanganywa, na atakuwa na haki.

Filamu ikiwa bado kwenye uhariri, waalike watu watatu au wanne wa dini inayoonyeshwa, akiwemo mmoja asiyekubaliana na hadithi yako, waitazame yote bila wewe kuwaeleza chochote. Andika kila wanaposema “hivi sivyo tunavyofanya,” na uparekebishe pote. Wanaposema “hili linauma, lakini lipo,” paache kama palivyo, kisha uwaulize kama tukio hilo limemtendea haki yule anayeumia.