Konsoli ya faiawoli imekuwa nzito? Anza na hifadhidata yake

Jumamosi nilishinda Upper Hill, Nairobi, katika ofisi ambayo konsoli yake ya kusimamia faiawoli (ukuta unaolinda mtandao) ilikuwa karibu haitumiki. Ukibonyeza ukurasa wa matukio, kile kiduara kinazunguka dakika nne nzima. Kijana wa zamu alikuwa tayari ameandika barua ya kuomba seva mpya. Seva ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya PostgreSQL, hifadhidata ambamo konsoli hutunza matukio yake.

Hatua ya 1. Chukua nakala ya akiba kwa `pg_dump`, uiweke kwenye mashine nyingine.

Hatua ya 2. Tafuta jedwali lililofura. Ingia kwa psql, programu ya kuandikia PostgreSQL amri:

`SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup FROM pg_stat_user_tables ORDER BY n_dead_tup DESC LIMIT 5;`

Safu ya mwisho ni mistari mifu. PostgreSQL ikifuta au kubadilisha mstari, ule wa zamani hubaki mahali pake mpaka VACUUM, amri ya usafi, ipite. Pale ofisini jedwali la matukio lilikuwa na mistari mifu mingi kuliko hai.

Hatua ya 3. Hapa nilipoteza saa tano, kwa hiyo soma polepole. Niliendesha `VACUUM VERBOSE` kwenye jedwali lile. Ikamaliza bila kosa, lakini mistari mifu iko palepale. Nikarudia, vilevile. Nikaishuku diski, nikaanza hata kupima nyaya. Kumbe jibu lilikuwa kwenye ripoti ileile niliyoiruka: mistari imekufa, ila haiwezi kuondolewa bado. Maana yake kuna muamala (kundi la amri linalokamilishwa au kutenguliwa kwa pamoja) wa zamani ulioachwa wazi, na PostgreSQL haigusi kilichokufa baada ya muamala huo kuanza. Utafute hivi:

`SELECT pid, usename, state, xact_start, query FROM pg_stat_activity WHERE backend_xid IS NOT NULL OR backend_xmin IS NOT NULL ORDER BY xact_start;`

Mstari wako mwenyewe utaonekana pia, uache. Wa juu kabisa kwetu ulikuwa wa tangu Jumanne, hali yake `idle in transaction`. Mtu alifungua programu ya madirisha (ya kubonyeza kwa kipanya badala ya kuandika amri), akasahihisha jina la kifaa kimoja, hakutoa COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, akaenda zake. Muulize mwenyewe kabla ya kuukata, kwa sababu `pg_terminate_backend(pid)` itatengua alichobadilisha. Usipompata mtu hapo, angalia `pg_prepared_xacts` na `pg_replication_slots`. Sloti (nafasi inayowekewa seva ya nakala) iliyosahauliwa nayo huzuia usafi. Tulipoukata muamala ule, `VACUUM ANALYZE` ikasafisha.

Tafadhali usikimbilie `VACUUM FULL`. Inafunga jedwali hata kwa kusoma, na inahitaji nafasi ya kuandika nakala mpya ya jedwali zima. Diski ikiwa karibu kujaa, umejiongezea msiba. VACUUM ya kawaida kwa kawaida haiirudishii diski nafasi, lakini matukio mapya yataijaza nafasi ileile, na hilo linatosha.

Tangu siku hiyo sikubali programu za madirisha kwenye hifadhidata inayofanya kazi. Ni psql tu, ambayo hukamilisha kila amri yenyewe usipoanza na BEGIN, amri ya kufungua muamala. Watumiaji wa kibinadamu wawekee kikomo cha `idle_in_transaction_session_timeout`, kinachokata muamala ulioachwa wazi, dakika kumi hivi. Akaunti ya konsoli yenyewe usiiguse.

Hatua ya 4. Autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, kwa kawaida husubiri mpaka takriban asilimia 20 ya jedwali ife. Kwa mistari milioni 100, hiyo ni milioni 20. Punguza kwa jedwali hilo pekee:

`ALTER TABLE matukio SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);`

Weka jina la jedwali lako. Kama mna mkataba wa huduma na mtengenezaji wa konsoli, pata kibali chao kwanza.

Hatua ya 5. `shared_buffers`, kumbukumbu ambayo PostgreSQL hujitengea, ikiwa bado 128MB, ipandishe hadi robo ya RAM kama seva ni ya hifadhidata tu, kisha uiwashe PostgreSQL upya.

Hatua ya 6. Punguza muda wa kuhifadhi matukio kupitia mipangilio ya konsoli, kamwe si kwa DELETE ya mkono. Sisi tulibakisha siku 30. Ya zamani yanakaa kwenye seva ya syslog, inayokusanya rekodi za matukio. Jumatatu saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa kazini, ukurasa wa matukio ulifunguka kwa sekunde sita.