Siku mbili za mwisho za kempa: kutoka Garda hadi kurudisha funguo Ujerumani

Sisi tunaoishi Ujerumani na kukodi kempa (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) kila kiangazi huwa tunaipanga kwa makini siku ya kuondoka, halafu siku ya kurudi tunamwachia Mungu na programu ya ramani. Mwaka wetu wa kwanza tulilala kando ya ziwa Garda, Italia, mpaka usiku wa mwisho. Tukaamka alfajiri, karibu kilomita 400 mbele yetu hadi München, na miadi ya kurudisha gari saa tisa alasiri. Tulifika saa kumi na mbili jioni, choo kimejaa, dizeli robo tangi, watoto wamelala na viatu miguuni. Kampuni ilikata kwenye amana yetu pesa ambazo zingetulipia usiku mbili kambini. Tulipofungua mkataba, yote yalikuwa yameandikwa na sahihi yetu ipo chini.

Tangu hapo usiku wa mwisho tunalala kilomita 50 au pungufu kutoka yadi ya kampuni, hata kama kambi yenyewe haina ziwa wala bembea. Watoto hununa. Wanazoea.

Jumamosi za Julai na Agosti ziepuke ukiweza. Majimbo ya Ujerumani hayafungi shule kwa pamoja, kwa hiyo wikendi nyingi kuna jimbo linaloondoka na jingine linalorudi, na wote wanabanana Brenner, njia ya milimani kati ya Italia na Austria. Jumanne na Jumatano ndizo siku zangu. Jumapili nayo ina raha yake, maana malori makubwa hayaruhusiwi barabarani Ujerumani hadi saa nne usiku, ila maduka yamefungwa na kampuni nyingi hazipokei magari. Ukirudi siku hiyo, chakula cha Jumatatu asubuhi kinunue ukiwa bado Italia, la sivyo mtakunywa chai kavu.

Kwenye A22, barabara kuu ya Italia ya kwenda Brenner, unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka. Njia zenye alama ya njano ya Telepass, mfumo wa kulipa ushuru bila kusimama, kaa nazo mbali kama huna kifaa chake. Kurudi kinyumenyume na gari la mita saba huku foleni nzima inakupigia honi ni aibu isiyosahaulika. Ukivuka mpaka, A13 ya Austria ina ushuru wake peke yake, na ukifika Innsbruck ukaingia A12 ndipo inapohitajika stika ya barabara, ile wanayoiita Vignette. Wengi hulipa kimoja wakadhani wamemaliza. Stika ya kidijitali hufungwa na namba ya gari, basi andika namba ya kempa, si ya gari lenu la nyumbani. Usicheke, kwetu ilitokea. Na kama kempa imeandikishwa kwa uzito unaozidi tani 3.5, stika haikuhusu kabisa. Unahitaji kifaa cha kulipia ushuru kiitwacho GO-Box.

Foleni ya Brenner ijipangie kama sehemu ya safari. Tangu Januari 2025 daraja la Lueg, upande wa Austria, liko kwenye kazi kubwa na siku nyingi magari hupita njia moja moja kila upande. Ramani ya simu itakushauri utoke upite vijijini. Usiitii: wikendi za kiangazi jimbo la Tirol, Austria, huzifunga barabara hizo kwa wasafiri wanaokwepa foleni, na polisi watakugeuza. Magari yakianza kusimama, sheria ya Austria na Ujerumani ni kuacha ujia wa ambulansi katikati: walio njia ya kushoto kabisa wabane kushoto, wengine wote wabane kulia. Fanya hivyo mkiwa bado mnatambaa, maana kempa ikishasimama imebanwa, huna pa kuisogeza.

Kilele cha Brenner ni mita 1,370, na kutoka pale hadi Innsbruck ni mteremko mrefu. Shuka na gia, usikalie breki. Ukinusa kitu kinaungua, ingia kituo cha mapumziko usubiri zipoe. Mimi kabla ya kupanda mlima humwaga maji safi: lita 100 ni kilo 100, na kwa siku iliyobaki lita 20 za choo na kunawa zinatosha. Waamshe watoto kwenye Europabrücke. Daraja lile, lililofunguliwa 1963, liko mita 190 juu ya bonde, na kwa dakika chache hakuna atakayeuliza tunafika lini.

Sasa hati. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Wengine hupungiwa mkono wapite. Sisi, kwa uzoefu wangu, husimamishwa. Pasipoti halisi na kadi ya ukaazi ya kila mmoja, hata mtoto mchanga, ziwe kwenye kisanduku cha mbele. Picha kwenye simu haitoshi. Zetu mwaka juzi zilikuwa chini ya kitanda cha nyuma, chini ya viti vya kukunja, na afisa alitusubiri kwa upole uliotutoa jasho kuliko angetufokea.

Kuhusu uchovu, chukua kipimo cha madereva wa malori wa Ulaya: saa nne na nusu za usukani, kisha mapumziko ya dakika 45. Wao wanalazimishwa na sheria. Baba watoto nililazimika kumlazimisha mimi.

Usiku ule wa mwisho ndio wa kazi chafu. Vaa glavu, chomoa kaseti ya choo, yaani tangi lake la uchafu, iburute hadi kwenye shimo la kumwagia, geuza mdomo wake nje, fungua kifuniko. Unapomwaga, bonyeza kitufe cha hewa kwa dole gumba. Usipobonyeza itagugumia na kuruka, na viatu vyako vitakuwa shahidi. Suuza mara mbili. Maji ya sinki na bafu nayo yana shimo lake hapo hapo kambini. Usiyaachie kwenye mtaro wa barabarani.

Asubuhi jaza dizeli karibu na yadi, na ajaze aliyelala vizuri. Kempa nyingi zina vifuniko vitatu ubavuni: dizeli, AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli) chenye kifuniko cha buluu, na maji safi. Ukikosea, usiwashe injini hata kwa kusogea hatua mbili. Piga simu kwanza.

Kabla ya kukabidhi funguo piga picha za kila upande, kioo cha mbele, kipimo cha dizeli, kilomita, na paa kwa kutumia fimbo ya selfi, maana matawi ya miti hukwaruza juu na hakuna anayeona. Usiondoke bila karatasi ya makabidhiano iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Kisha vuta kila droo hadi mwisho. Mwiko wetu wa ugali ulibaki kwenye ile ya chini, na sijui familia iliyofuata iliufanyia nini.