Modemu haipigi? Anza na waya, Windows iache kwanza

Mara nyingi naitwa Mkomani au Langoni, mitaa yetu ya Lamu, kutazama modemu (ile iliyokuwa ikipiga simu kwa laini ya waya ili kuiunganisha kompyuta na intaneti) iliyokwisha kupewa hukumu ya kifo, na mwenyewe ameshafomati kompyuta nzima. Modemu ni nzima. Kilichokufa ni waya, kwa chumvi yetu hii ya baharini.

Naandikia modemu ya nje, ile ya kisanduku chenye taa. Ya kadi, iliyofungwa ndani ya kompyuta na kuitegemea Windows kwa kila kitu, simshauri mtu ainunue: haina taa ya kukuonyesha lolote, na nusu ya kazi yake anaifanya prosesa. Ya nje, hata ikiwa mtumba, ichukue.

Hatua ya 1. Kaza kebo ya siriali, ile inayounga modemu na kompyuta, kwa skrubu zake mbili. Washa modemu, kisha kompyuta.

Hatua ya 2. Fungua HyperTerminal (programu ya kuipa modemu amri, iliyokuja na Windows hadi XP), chagua COM1, yaani tundu la siriali la kwanza, andika AT, bonyeza Enter. Ukijibiwa OK, kompyuta na modemu zinasikilizana. Kimya? Jaribu COM2, halafu badilisha kebo. Ukishajibiwa, andika AT&F ili irudi ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 3. Laini. Hapa usiwe na haraka.

Chomoa kila kitu kinachotumia laini hiyo: simu ya chumbani, faksi, kigawanyio cha plagi. Tafuta simu ya kawaida ya waya. Isiyo na waya haifai, maana ina kelele zake yenyewe. Ichomeke kwa kebo ileile ya modemu, kwenye tundu lilelile. Sikiliza mlio wa laini, ule wa kabla ya kupiga, kisha bonyeza tarakimu moja: mlio utakatika, na kwa muda mfupi laini inatakiwa kuwa kimya kabisa. Ukisikia mchakacho kama dagaa kwenye mafuta ya moto, umeshampata mwizi wako. Binadamu ataongea juu ya kelele hiyo bila taabu. Modemu itakata, au itaunganisha kwa kasi ya kusikitisha. Jaribu asubuhi kukiwa na umande, au baada ya mvua. Laini mbovu hujifanya nzima mchana wa jua kali.

Sasa angalia ndani ya tundu kwa tochi. Vijiwaya viwili vya kati ndivyo vinavyobeba simu. Vikiwa na ukungu wa kijani, visugue kwa mswaki mkavu, kisha kwa spiriti kidogo, uache vikauke. Usitumie msasa, maana ngozi ya dhahabu juu yake ni nyembamba na ikitoka kutu hurudi upesi zaidi. Ndimu na siki pia usiniletee. Kabla ya kugusa waya wowote ulio wazi, itenge laini: waya wa simu una volti 48 hivi, na simu ikiita hupanda hadi karibu 90. Haitakuua kwa kawaida, ila utaruka.

Tundu likiwa safi na kelele ipo, ufuate waya ukutani. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na fundi aliyepita pengine alisokota viungo viwili akavifunika kwa utepe. Fungua kiungo, kata mpaka uone shaba inayong'aa, uunge upya. Mwisho jaribu simu pale waya unapoingia nyumbani, vyote vya ndani vikiwa vimetengwa. Kelele ikiwa bado ipo hapo, ni kazi ya kampuni ya simu, usinunue chochote.

Hatua ya 4. Simu ina mlio safi lakini modemu inalalamika haina mlio? Hakikisha kwanza kebo imo kwenye tundu la LINE, si PHONE. Kisha andika ATM2 kuwasha spika, halafu ATH1 kuinua simu. Spika yake itoe mlio uleule wa simu. (ATH0 kuiweka chini.) Isipotoa chochote, upande wa laini umeungua, kwa kawaida kwa radi, hata kama AT bado inajibiwa OK. Ile OK inatoka upande wa kompyuta tu. Wakati wa masika chomoa waya wa simu pia, kuchomoa umeme peke yake hakutoshi.

Mlio ukisikika lakini bado haipigi, huenda haiutambui. Weka X3 kwenye mipangilio ya ziada ya modemu, ipige bila kuusubiri.

Hatua ya 5. Inaunganika kisha inakatika? Ondoa huduma ya simu ya kusubiri (ile inayokujulisha simu ya pili ikiingia ukiwa unaongea), maana mlio wake huvuruga. Laini ikiwa na kelele usiyoweza kuiondoa, ilazimishe modemu itumie V.34, yaani kasi ya kilobiti 33.6 kwa sekunde badala ya kung'ang'ania 56. Kwa modemu nyingi za 56 amri yake ni AT+MS=V34. Kasi ndogo isiyokatika ina faida kuliko kubwa inayoanza upya kila barua pepe ikifika nusu.

Na Windows ikikuonyesha kosa 691, tatizo ni jina au neno la siri. Modemu umeshaitengeneza, sasa angalia herufi kubwa na ndogo.