Chianti: Tazama Shingo ya Chupa Kabla Hujatoa Euro

Ninyi mnaoishi Toscana na kupokea wageni kila kiangazi, someni hili kabla hamjaingia dukani.

Chianti ni mvinyo mwekundu. Kuna Chianti na kuna Chianti Classico, na sheria ya Italia inazitambua zote mbili. Mimi niliuziwa Chianti ya kawaida kwa bei ya Classico, katika duka la watalii, chupa ya tumbo iliyovishwa majani makavu. Niliporudi kulalamika, muuzaji alinionyesha utepe wa serikali shingoni: DOCG, yaani daraja la juu la mvinyo wa Italia, namba ipo. Kila kitu halali, na kweli kilikuwa halali. Hapo huna pa kushtaki. Wenyeji hawa watakuuzia jina bila kukudanganya hata neno moja. Ni juu yako kujua jina lipi ni la nani.

Mkanganyiko una historia. Mwaka 1716 Cosimo III, mtawala wa Toscana, aliwekea eneo la Chianti mipaka. Mwaka 1932 serikali ikalitandaza jina hilo hadi mbali, na vilima vya asili, kati ya Firenze na Siena, kwenye Greve, Radda, Gaiole na Castellina, vikabaki na neno Classico. Leo Classico lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese. Chianti ya kawaida inaruhusiwa kushuka hadi 70. Alama ya Classico ni jogoo mweusi ndani ya duara. Tafuta jogoo. Hakuna jogoo, hakuna Classico, hata muuzaji aape kwa mama yake. Ikiandikwa Riserva, imewekwa ikomae miezi 24 kabla ya kuuzwa. Gran Selezione, miezi 30.

Sisemi Chianti ya kawaida ni mbaya. Ya Rufina, eneo dogo ndani ya Chianti ya kawaida, kwa mfano, naipenda kuliko Classico nyingi. Ila ilipiwe bei yake.

Sasa ladha. Ina harufu ya cheri, uchachu unaojaza mate mdomoni, na ukakasi unaoshika ufizi. Shangazi akiionja kavukavu atakunja uso na kuomba soda ya kuchanganyia. Shangazi, tafadhali, si mbele ya mhudumu! Mvinyo huu haukutengenezwa kunywewa peke yake. Ukakasi hushikana na protini ya nyama na kulainika. Uchachu hukata mafuta. Ndiyo maana bistecca alla fiorentina, ile nyama nene yenye mfupa, inakwenda nao vizuri ajabu. Italetwa nyekundu katikati. Usiirudishe jikoni iive. Watakutazama kama umetukana ukoo. Tambi pana za pappardelle kwa mchuzi wa nguruwe mwitu, chochote chenye nyanya, jibini ya pecorino iliyokomaa, vyote vinafaa. Mkate wao hauna chumvi, wasije wageni wakadhani mwokaji alisahau.

Mtego mwingine ni pilipili, na huu tunautega wenyewe. Wageni wetu hutoka nyumbani na kichupa cha pilipili mkobani. Pilipili huamsha ukali wa kileo na kuuchachamaza ukakasi, kisha lawama anabebeshwa mvinyo. Nyama ya mbuzi iliyochomwa kwa chumvi tu, sawa kabisa. Ukishaimwagia pilipili, fungua bia.

Joto la kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. Kiangazi ipitishe kwenye friji kwanza.

Na ndugu wanaoagiza kutoka nyumbani: forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru. Ni chupa mbili za mililita 750, zikivingirishwa kwenye nguo ndani ya begi kubwa. Katoni ya chupa sita ni lita 4.5. Binamu, ukiitaka katoni, tuma na hela ya ushuru.